Baraza la Madiwani Linakaa Lini na Wewe Uende Lini: Maswali Yenu na Majibu

Safu ya wiki hii yote ni halmashauri. Tangu tugusie bajeti za halmashauri toleo lililopita meseji haziishi, wengine mnauliza wengine mnalalamika tu, na maswali mengi yanafanana kwa hiyo yanayofanana tumeyaweka pamoja. Majina ya mitaa na ya viongozi waliolalamikiwa tumeyaondoa maana upande wao hatujausikia.

Kila wiki redioni nasikia "halmashauri imekaa", mara kamati imekaa, mara madiwani wamekaa. Hivi hawa wanakaa kila wiki? Na mimi mwananchi wa kawaida naruhusiwa kuingia nikasikiliza? – Mwanachuo, Dodoma

Mdogo wangu, madiwani hawakai kila wiki. Baraza kamili linakaa kila robo mwaka, ukijumlisha na vikao maalum kama cha bajeti. Wanaokutana mara kwa mara ni menejimenti, yaani mkurugenzi na wakuu wake wa idara, na hao ni watumishi, hawajapigiwa kura na mtu. Katikati hapo kuna kamati za kudumu za madiwani, ya fedha ndo inakaa kila mwezi, zile nyingine za mipango miji, huduma za jamii, UKIMWI na kadhalika zinakaa kabla ya baraza la robo ili taarifa zao ziwe tayari.

Kuingia unaruhusiwa kabisa. Kikao cha baraza ni cha wazi, wananchi na waandishi wanakaa kusikiliza, ila huwezi kunyoosha mkono ukachangia. Kuna wakati baraza linajigeuza kamati, hasa wakifika mambo ya nidhamu ya watumishi, hapo mtaombwa mtoke, usikasirike, ndo utaratibu.

Sasa ukishakaa usihangaike na hotuba za mwanzo. Utaona kila diwani ana kabrasha mbele yake, linene, ndani kuna ajenda: kuridhia ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo. Hapo kwenye yatokanayo tega masikio yote mawili. Ni jedwali, upande mmoja limeandikwa azimio la kikao kilichopita, upande wa pili utekelezaji. Zahanati fulani iwekewe umeme, utekelezaji: umekamilika. Soko fulani lijengewe choo, utekelezaji: unaendelea. Ukikuta jambo lile lile "linaendelea" robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi umeshajua swali la kumuuliza diwani wako, na diwani anayefanya kazi utamjua hapo hapo maana ndo anayesimama kuuliza linaendelea mpaka lini na fedha zake ziko wapi. Mi naona kikao kimoja cha namna hii kinamfundisha mtu kuliko kampeni nzima.

Shikamoo mhariri. Barabara yetu ya mtaa kila masika inakuwa mto, magari hayapiti, wajawazito wanabebwa. Diwani tukimuuliza anasema "hiyo ni TARURA", tukienda TARURA tunaambiwa haipo kwenye bajeti. Mwezi Machi tulienda kundi zima. Nani hasa mwenye hii barabara? – Wakazi, Dar es Salaam

Marahaba, na poleni sana. Mlichoambiwa na wote wawili kinaweza kuwa kweli kabisa na bado nyie mkabaki na tope, ndo maana jibu hili litakuwa refu.

Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Hizi za mitaani na vijijini zamani zilikuwa chini ya halmashauri, ila tangu 2017 zimehamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo iko chini ya TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri) na ina meneja wake kila wilaya. Hela yake inatoka Mfuko wa Barabara, serikali kuu, na tangu mwaka wa fedha 2021/22 kuna ile shilingi 100 ya kila lita ya mafuta iliyoongezwa kwa ajili ya barabara hizi hizi, yaani hata ukipanda bodaboda unaichangia. Kwa hiyo diwani anaposema siyo yake, kwa maana ya kushika hela na kumlipa mkandarasi, hakudanganyi.

Lakini hajamaliza maelezo. Ni barabara ipi itangulie, hilo linapita kwake. Kipaumbele kinaanzia mkutano wa mtaa, kinaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, kinapanda halmashauri. TARURA wakipanga kazi zao wanatakiwa waangalie vipaumbele hivyo, na meneja wao anakuja mbele ya madiwani kueleza amefanya nini. Halmashauri yenye mapato mazuri inaweza pia kuweka hela yake ya ndani kwenye mtaro au kalavati. Kwa hiyo "siyo yangu" ya diwani ni nusu ya jibu, nusu ya pili ni "nimeipeleka au sijaipeleka", na hiyo ndo mumuulize.

Sasa tatizo lenu kubwa ni Machi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mitaa na vijiji vinaibua miradi yao miezi ya mwisho ya mwaka, kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba, kata zinakaa, halafu Januari na Februari halmashauri inapitisha rasimu ya bajeti, inaenda kamati ya ushauri ya mkoa, inaenda TAMISEMI, na Aprili hadi Juni Bunge linakaa Dodoma kupitisha. Masika inaanza Machi. Watu wanakasirika Machi na Aprili, wanaandamana hadi ofisi ya kata na viatu vyenye tope, wakati bajeti ya Julai imeshapita barazani Februari. Hapo mnachoweza kupata ni matengenezo ya dharura, kifusi kidogo, greda lipite mara moja. Barabara yenyewe inabidi isubiri mzunguko mwingine, na mzunguko ukifika Novemba jua linawaka, hakuna anayekumbuka, mkutano wa mtaa unaitishwa wanakuja watu kumi na tano.

Mfanye hivi. Sasa hivi wakati maji yapo pigeni picha zenye tarehe, pimeni urefu wa kile kipande kibovu, andikeni shule na zahanati zinazotegemea njia hiyo na daladala zilizoacha kupita. Muda wa kuibua miradi ukifika nendeni mkutano wa mtaa kwa wingi wenu mseme barabara hii ni namba moja, na kabla hamjaondoka muombeni mtendaji awasomee alivyoandika kwenye muhtasari. Kama haimo kwenye muhtasari haijasemwa, hata kama mlipiga kelele mpaka magharibi. Baada ya hapo mtu mmoja wenu afuatilie kikao cha kata, mwingine amuone meneja wa TARURA na barua yenye muhuri wa mtaa. Kazi hii haina shangwe ila barabara nyingi za mitaa zinazopata lami zimepita njia hii hii.

Mimi na wenzangu ni mama lishe, tunataka ule mkopo wa asilimia kumi. Kuna mtu ametuambia tumpe laki moja atupitishie. Je ni kweli lazima? – Mama lishe, Kanda ya Ziwa

Msimpe! Mama, hata shilingi msimpe. Mkopo huu uko kisheria, kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Mnachokopa ndo mnachorudisha.

Mnahitaji kikundi cha watu wasiopungua watano, kisajiliwe, kiwe na katiba yake na akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muwe na shughuli inayoonekana au mpango unaoeleweka. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye kazi yake ni hiyo na mshahara analipwa, atawaonesha namna ya kuomba maana sa hivi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni. Halafu yanachujwa ngazi ya kata na ya halmashauri.

Niwaambie na hili ili msije mkavunjika moyo. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonesha hela nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa. Ikarudi 2024 na utaratibu mpya, halmashauri 10 zikawekwa za majaribio kupitia benki, zikiwemo Jiji la Dar es Salaam na Jiji la Dodoma, nyingine zinatoa zenyewe kwa kanuni zilizokazwa. Ndo maana maswali ni mengi kuliko zamani, watakuja kuona mnapopikia, watauliza nani ni nani kwenye kikundi. Wajibuni tu. Na mkipata rudisheni kwa wakati jamani, hela mnayorudisha ndo anayokopa mama mwingine wa kata ya pili, na iliposimama mwaka ule walioumia ni wale ambao hawajawahi kukopa hata mara moja.

Huyo wa laki moja mripotini TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba ya bure ni 113.

Nakaa Kinondoni. Nimeenda ofisi za Jiji kuuliza habari ya kibanda changu nikaambiwa siyo kwao. Si nipo Dar es Salaam mimi? Jiji gani tena? – Dada wa Kinondoni

Dada hili linawachanganya wengi na sababu ni ya haki. Zamani kulikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ambayo ilikaa juu ya manispaa zote, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, ina meya wake wa Jiji na manispaa nazo kila moja ina meya wake. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndo Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo leo Jiji la Dar es Salaam ni eneo lile lililokuwa Ilala: Kariakoo, Posta, Buguruni, Tabata, Gongo la Mboto huko. Wewe uko Manispaa ya Kinondoni, leseni yako, kibanda chako, taka zako, kibali cha ujenzi, vyote Kinondoni, na Jiji halina mamlaka juu ya manispaa yako.

Mimi binafsi sikuona ubaya kuondoa ngazi moja ya vikao na posho zake. Ila mkoa wenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 sa hivi hauna baraza moja la kuchaguliwa linaloutazama wote kwa pamoja, na taka na mafuriko havijui mpaka wa Kinondoni na Ilala uko wapi. Mto Msimbazi unapita halmashauri zaidi ya moja kabla haujafika Jangwani. Hilo linastahili kuongelewa zaidi ya linavyoongelewa.

Halmashauri yetu imepata hati safi ya CAG, mkurugenzi akapongezwa ukumbini. Lakini madarasa mawili ya shule yetu hayana sakafu mwaka wa pili huu. Hati safi gani hiyo? – Mwalimu mstaafu

Mwalimu shikamoo. Hati safi inahusu vitabu. Maana yake mkaguzi ameangalia hesabu za mwaka akaona zimeandaliwa kwa kufuata viwango, mapato na matumizi yanaonekana vizuri kwenye karatasi. Haimaanishi darasa limejengwa vizuri, wala haimaanishi hakuna hela iliyopotea. Halmashauri inaweza kupata hati safi na ndani ya ripoti hiyo hiyo ikawa na hoja kibao: mradi umechelewa, mapato yamekusanywa kwa mashine hayakupelekwa benki, mkandarasi amelipwa kazi haijaisha.

Kwa hiyo mkisikia hati safi msiishie hapo, ulizeni hoja ni ngapi na za miaka iliyopita zimefungwa ngapi. Ripoti za CAG anakabidhiwa Rais mwisho wa Machi, zinaingia Bungeni Aprili, na baada ya hapo zinakuwa wazi, zinapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi na kwa Kiswahili zipo. Halafu kila halmashauri inafanya baraza maalum la kujadili hoja, kwa kawaida mkuu wa mkoa anakuwepo. Hicho kikao ningependa walimu wastaafu wajae. Mna muda, mnajua kusoma jedwali na hakuna wa kuwahamisha kituo cha kazi.

Na kwa hayo madarasa, mwalimu, anza na bodi au kamati ya shule, waombe taarifa ya fedha za mradi zilizopokelewa. Fedha za miradi zinatakiwa zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, shuleni na ofisi ya kata. Kama hazijabandikwa hilo tayari ni la kuuliza.

Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU nakatwa 1,500 ya kodi ya majengo, nyumba siyo yangu! – Mpangaji, Arusha

Kodi ni ya mwenye nyumba kisheria, LUKU ni njia tu ya kuikusanyia, ilianza hivyo Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi kisha 2023 ikapanda kuwa 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Kwa ghorofa ni 7,500 kwa mwezi. Andika unavyokatwa, tunza zile meseji za tokeni, kaa na baba mwenye nyumba mkubaliane muipunguze kwenye kodi ya pango. Wenye nyumba wengi waungwana wanakubali wakioneshwa hesabu. Kama nyumba ina mita tatu na zote zinakatwa, mwenye nyumba aende dawati la mapato la halmashauri na namba za mita zote wamrekebishie, wakimwelekeza TRA aende. Na kama mwenye nyumba ni mzee wa miaka 60 na kuendelea, hana kipato na anaishi humo humo, aulizie msamaha, upo.

Meya na mkurugenzi nani mkubwa? Na mkuu wa wilaya je? – wameuliza wengi

Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, anaongoza baraza. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, ni mtendaji mkuu na katibu wa baraza, hela na watumishi viko kwake. Mkuu wa wilaya ni serikali kuu, hayumo kwenye baraza kama mjumbe wa kupiga kura. Mkitaka sera au azimio nendeni kwa diwani na meya, mkitaka utekelezaji wa lililokwisha azimiwa nendeni kwa mkurugenzi, kwa barua, na mchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nasoma gazeti lenu nikiwa Mombasa. Huku kwetu hakuna diwani, tuna MCA, mjumbe wa bunge la kaunti. Sisi twaenda wapi kutoa maoni ya bajeti? – Msomaji, Mombasa

Karibu sana ndugu yetu. Nyie tangu uchaguzi wa 2013 mabaraza ya jiji na manispaa ya zamani yaliondoka, mna kaunti 47 na kila moja ina bunge lake. Bahati yenu, Katiba ya 2010 ibara ya 196 inalilazimisha bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na liwashirikishe wananchi, na mahakama za huko zimeshawahi kufuta sheria za fedha za kaunti kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mna meno.

Shikeni tarehe tatu: mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Watu wengi hungoja Aprili, lakini viwango vya juu vya fedha za kila idara vinakuwa vimeshawekwa Februari. Nendeni Februari. Pelekeni maoni kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, mtaje wadi yenu na mradi mnaotaka, na mbaki na nakala.

Mtendaji wetu wa mtaa anachukua 5,000 kila barua ya utambulisho, risiti hatoi. Anasema ni mchango wa ofisi. – Msomaji asiyetaka mtaa wake utajwe

Hela yoyote ya halmashauri inaingia kwa namba ya malipo au kwa mashine ya kukusanyia mapato, na risiti inatoka hapo hapo. Isiyo na risiti haijaingia halmashauri. Mwombe kwa upole akupe namba ya malipo, mara nyingi mjadala unaishia hapo na barua inapigwa muhuri. Asipotoa, mwambie mwenyekiti wa mtaa, huyo mlimchagua wenyewe Novemba 27, 2024 na mtendaji anafanya kazi naye, kisha mtendaji wa kata, kisha barua kwa mkurugenzi. Nendeni wawili watatu walioombwa hela hiyo, mwandike tarehe na kiasi kila mmoja. Na kama mchango huo wa ofisi kweli ulipitishwa na mkutano wa mtaa basi upo kwenye muhtasari, mwombe akuoneshe ukurasa.